Joto na maji moto ndani ya basi: nilichochagua na kwa nini

Leo sina msimbo wa kuwaonyesha, au tuseme ninao kidogo sana na utaukuta huko chini. Leo naandika kuhusu moto.

Kwa wale wapya hapa: mimi na mke wangu tulinunua basi kuukuu la shule, Isuzu la viti 33, ili tuligeuze liwe nyumba. Ploti tunayo karibu na Nyahururu, nyumba ya mawe bado iko kwenye karatasi, na kazi yangu haihitaji zaidi ya kipakatalishi, umeme na mtandao. Viti vimetoka, sakafu imeingia, kitanda kimepigiliwa misumari. Kilichobaki ni kuchagua jinsi ya kupata joto la usiku na maji moto ya kuoga.

Mgeni akisikia Nyahururu iko kwenye ikweta anafikiria jasho. Aje Julai! Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na bati la basi halizuii chochote. Juu ya hayo tuna mtoto wa miezi minane. Mtu mzima huvaa sweta mbili akalala. Mtoto hujitoa blanketi saa nane usiku na hakuambii.

Kwa hiyo nilikaa chini nikafanya kama ninavyofanya kazini. Mahitaji kwanza, hesabu pili, duka mwisho.

MAHITAJI

1. Ndani kuwe nyuzi 18 usiku kucha huku nje kukiwa 8, bila mtu kuamka kukoroga chochote.
2. Maji ya kuoga lita 30 kwa siku, yenye nyuzi 40. Sisi ni watu wa beseni, lita 10 kila mtu zinatosha, na mtoto anachukua fungu lake.
3. Hakuna kosa moja, liwe la kifaa, la waya au la usingizi, litakaloweza kumdhuru mtu aliyelala.

Hilo la tatu ndilo lililoamua karibu kila kitu. Mengine ni hesabu.

HESABU KABLA YA DUKA

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Ninunue hita ya kilowati ngapi?" Swali la kwanza ni joto linatorokea wapi. Basi letu kwa ndani lina urefu wa mita 6.5, upana 2.1 na kimo 1.9. Ukijumlisha kuta, paa na sakafu unapata kama mita 60 za mraba za kuvujisha joto. Kioo kimoja kitupu cha dirisha hupitisha karibu wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Bati lenye kitambaa chembamba ndani yake halikizidi kioo sana.

Tofauti yetu ni nyuzi 10. Basi likiwa kama lilivyotoka shuleni, lenye mita 12 za vioo, lilihitaji takriban wati 2,600 mfululizo ili libaki nyuzi 18. Tukaziba theluthi mbili za madirisha, tukajaza kuta, paa na sakafu vihami vya unene wa sentimita 5, na vioo vilivyobaki tukavishonea pazia nzito za kubana. Hesabu mpya: kama wati 620. Hapo nikaongeza wati 130 za hewa safi inayoingia makusudi kupitia tundu ambalo halifungwi kamwe. Jumla 750.

Angalia hapo vizuri. Vihami vimepunguza mahitaji hadi chini ya theluthi moja, na havina plagi, havinywi mafuta, haviharibiki saa nane usiku. Katika programu tunajua kwamba operesheni ya haraka kuliko zote ni ile ambayo hukuhitaji kuifanya. Na katika basi, kilowati rahisi kuliko zote ni ile isiyotoroka.

MOTO UNAPUMUA

Mama mkwe alipokuja kuliona basi alifurahi, akagusa kuta, akauliza kwa nini nasumbuka hivyo. "Mwanangu, jiko la makaa litawatosha. Sisi tumelea watoto saba kwa jiko."

Nikamwambia, "Ni kweli, Mama. Lakini jikoni kwako mwanga wa jua unaonekana kati ya mbao na mabati."

Akacheka, maana ndivyo kulivyo. Moshi wake hupita juu ya ukuta na upepo huingia chini ya mlango. Hakukosea hata kidogo kuhusu nyumba yake. Lakini hili basi nimeliziba mwenyewe kwa silikoni na povu, kila tundu. Nafasi iliyobaki ni mita 26 za ujazo hivi, tukiwa watu watatu na usingizi.

Kila msimu wa baridi magazeti yetu huandika habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani wasiamke. Kaboni monoksidi haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Hushika himoglobini kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwenye kuivuta huweza kusikia uchovu tu, kwa hiyo hujifunika vizuri zaidi akaendelea kulala. Makaa yanayokaribia kuzima ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu hayana moshi wala mwali wa kumtisha mtu.

Basi nikajiwekea kanuni moja, na kila kifaa nilikiuliza maswali yake mawili kabla ya kuuliza bei: moto wako unavuta hewa kutoka wapi, na pumzi yako unaitoa wapi? Kama jibu la swali lolote ni "humu humu ndani", hatuendelei na mazungumzo.

VIFAA NILIVYOVIPIMA

Umeme. Majibu yake kwa maswali mawili ni safi kabisa, maana hauna moto. Lakini wati 750 kwa saa nane ni kilowati-saa 6. Betri yetu ya lithiamu ya ampea-saa 200 inabeba kilowati-saa 2.5. Ile shawa ya umeme tuliyoizoea mjini hula kama wati 5,000, yaani zaidi ya ampea 400 kwenye volti 12. Nyaya zingenenepa kama mkono wa mtoto. Kwa joto la usiku, umeme umeanguka.

Gesi bila bomba la moshi. Vile vihita vya kusimama vyenye mtungi mgongoni. Vinavuta hewa ya ndani na kutema ndani. Tena kila kilo ya gesi ikiungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke, na mvuke huo hukimbilia nyuma ya vihami na kuanza kula bati. Hapana mara mbili. Gesi kwetu ni ya kupikia tu, dirisha likiwa wazi, na mtungi unakaa kwenye kisanduku chenye tundu chini linalotokea nje, kwa kuwa gesi hii ni nzito kuliko hewa na hujikusanya sakafuni.

Stovu ya kuni. Wazungu wanaoishi kwenye mabasi na mashua huko Uingereza wanaipenda sana, na mafundi wetu wa Kamukunji wanaweza kukuchomelea moja nzuri. Ina dohani, kwa hiyo swali la pili inalijibu. La kwanza inalijibu vibaya, isipokuwa ukiipelekea bomba lake la hewa kutoka nje. Tatizo langu ni saa nane usiku. Kuni zimekwisha, moto unafuka, dohani imepoa na haivuti tena vizuri. Hapo ndipo moshi hupenda kurudi ndani, wakati sisi sote tumelala. Kwa mtu anayeketi na kuuangalia moto wake ni kitu kizuri. Mahitaji yangu namba moja yanasema hakuna wa kuangalia.

Hita ya dizeli. Hiki ni kile kifaa cha madereva wa malori ya masafa huko Ulaya, na majina makubwa ni Webasto na Eberspächer, ingawa siku hizi vifananishi vya Kichina vimejaa kila mahali. Ndani yake kuna njia mbili za hewa zisizokutana. Njia ya kwanza huvuta hewa kutoka chini ya gari, hukutana na dizeli kwenye chumba kilichofungwa, huungua, hutoka kwa ekzosi chini ya gari. Njia ya pili huvuta hewa ya chumbani, huipitisha nje ya kile chuma cha moto, huirudisha ikiwa na joto. Maswali yote mawili: nje, na nje. Hita ya kilowati 2 ikiwa kwenye kiwango cha chini hutumia kama lita 0.12 kwa saa, hivyo usiku mzima haifiki lita moja. Umeme wake, ukishawaka, ni ampea moja au mbili.

Iko pia mitambo inayofanya yote mawili, joto na maji, kwa mfano Truma Combi kutoka Ujerumani, yenye tangi la lita 10 ndani yake. Ni kazi nzuri ya uhandisi. Nimeikataa kwa sababu ile ile inayonifanya nisiweke hifadhidata na tovuti kwenye seva moja. Ikiharibika, nakosa joto na maji siku moja, na kipuri kiko ng'ambo ya bahari.

HEWA NYEMBAMBA

Muuzaji mmoja Nairobi aliniambia nichukue hita ya kilowati 8, "ili usijute." Nikamwonyesha hesabu ya wati 750. Akasema kubwa unaweza kuipunguza. Ni kweli inapunguzika, lakini hita ya dizeli inayokokota kwenye kiwango cha chini usiku kucha haichomi vizuri. Hujaza masizi, na masizi ndiyo maradhi yake makuu.

Kisha kuna jambo ambalo hakulitaja kabisa, na mtu wa kutoka Mombasa asingelihitaji: mwinuko. Kwenye mita 2,300 mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 76 ya ule wa pwani. Feni huzunguka vile vile, lakini kila mzunguko unaleta oksijeni pungufu kwa karibu robo. Pampu ya mafuta haijui hilo. Inaendelea kudondosha dizeli ya usawa wa bahari, na dizeli isiyopata oksijeni hugeuka moshi mweusi, masizi na, ndiyo, kaboni monoksidi kwenye ekzosi. Kwa hiyo ukiishi Nyahururu, Molo au Limuru, tafuta hita yenye kihisi cha mgandamizo wa hewa kinachopunguza mafuta yenyewe, au angalau ile inayokuruhusu kupunguza mapigo ya pampu kwa mkono.

Ukipunguza mafuta kwa robo, na joto linapungua hivyo hivyo. Hita ya kilowati 2 inabaki na 1.5. Bado ni mara mbili ya wati 750 nilizohesabu, na haitakokota sana. Nimechukua ya kilowati 2 yenye kihisi.

Ufungaji wake nimeusimamia mwenyewe. Ekzosi inatokea ubavuni mwa gari, upande usio na mlango wala dirisha la kufunguka, na haiishii katikati chini ya sakafu ambako moshi unaweza kukaa na kupanda. Tundu la kuvutia hewa liko mbali na ekzosi. Kila tundu la sakafuni, pamoja na lile la mkono wa gia, limezibwa. Na fundi nilimwomba asitumie mpira wala plastiki popote karibu na bomba hilo, kwa sababu linaunguza.

MAJI

Karibu kila mwongozo wa kugeuza basi utakuambia upitishe maji moto ya injini kwenye koili ndani ya tangi. Injini ikifanya kazi maji yake hufikia nyuzi 80 na kitu, hivyo ukiendesha saa moja unapata tangi la maji moto bure. Ni wazo maridadi, na limetoka kwa watu wanaosafiri kila siku.

Sisi tunasafiri mara moja kwa mwezi. Siku 25 kati ya 30 basi limesimama chini ya mkaratusi. Kuwasha injini ya lita zaidi ya nne ili nioge beseni moja ni kumtuma ng'ombe dukani akanunue kiberiti. Pima matumizi yako kwanza, ndipo uchague suluhisho. Hilo si la programu peke yake.

Nikarudi kwenye hesabu. Kupasha lita 30 kutoka nyuzi 15 hadi 40 kunahitaji kilowati-saa 0.87. Paneli zetu za sola ni za wati 600, na hata siku ya mawingu kiasi ya Julai zinaleta kama kilowati-saa 1.7. Kipakatalishi, ruta, taa na hita ya usiku zinakula 0.6. Kila siku, kuanzia saa sita mchana, betri imejaa na kidhibiti cha sola kinautupa umeme uliobaki. Kumbe maji moto yalikuwa yakitupwa juu ya paa!

Suluhisho ni tangi la lita 20 lililofungwa vihami vizito, lenye koili ya umeme ya wati 300 ya volti 12. Kwa saa tatu na nusu za umeme wa ziada linafika nyuzi 60. Ukichanganya na maji baridi, lita 20 hizo zinakuwa lita 36 za nyuzi 40. Siku ambazo jua limegoma kabisa tuna njia ya wazee: pipa la kuni nje, lile linaloitwa Tanganyika boiler kwenye kambi za safari, ambalo moto wake unakaa chini ya anga na hauna habari na mapafu yetu.

MSIMBO UKAE WAPI

Sasa ule msimbo niliowaahidi. Ni mistari isiyofika 60 ya MicroPython kwenye kidude cha ESP32. Kinasoma betri na paneli. Betri ikizidi asilimia 95 na jua likiwepo, kinawasha koili ya tangi. Betri ikishuka, kinaizima. Basi.

Nilitamani kukipa kazi zaidi. Rafiki zangu waliniuliza kwa nini hita ya dizeli haiko kwenye simu, kwa nini king'ora cha kaboni monoksidi hakinitumii ujumbe. Nimeandika programu kwa miaka kadhaa sasa, na ninajua programu huganda. Hubaki imesubiri jibu ambalo halitakuja. Husasishwa usiku. Kwa hiyo nimegawa hivi: msimbo wangu unaruhusiwa kuamua starehe, usalama haugusi.

Msimbo ukikosea vibaya kuliko yote na kuacha koili ikiwaka, thamostati ya chuma kwenye tangi inakata kwenye nyuzi 60, fyuzi ya joto iko nyuma yake, na vali ya kuachia mgandamizo iko nyuma ya hizo zote. Maji yanayotoka bombani yanapita kwanza kwenye vali ya kuchanganya iliyofungwa kwenye nyuzi 40, kwa sababu mtoto ana ngozi nyembamba na nyuzi 60 humuunguza kwa sekunde chache.

Hita ya dizeli imeunganishwa moja kwa moja na betri kupitia fyuzi yake, bila swichi yangu yoyote katikati. Ukiizima, feni yake inahitaji dakika chache za kupoza chuma, na ukiikatia umeme ghafla unaiacha ikijipika. Ni kama kung'oa plagi ya seva katikati ya kuandika data, ila hapa kinachoungua ni kitu halisi.

Ving'ora vya kaboni monoksidi ni viwili, kimoja kando ya kitanda kwenye usawa wa mto, kingine karibu na hita. Kila kimoja kina betri yake na kelele yake. Havijui mtandao wangu upo. Kila mwanzo wa mwezi navibonyeza kuvijaribu, na tarehe ya kuchakaa kwa vihisi vyake nimeiandika ukutani kwa kalamu nene, mahali mke wangu anapoweza kuiona bila kuniuliza.

UKITAKA KUFANYA HIVI

Bei sitaandika, zinapanda na kushuka na dola. Lakini utaratibu wa kununua hauna dola. Nunua king'ora kwanza, hata kabla ya kitu cha kukufanya ukihitaji. Kisha vihami na tundu la hewa lisilofungwa. Kisha hita ndogo inayolingana na hesabu yako na mwinuko wako. Maji moto yaje mwisho, maana kwa hayo beseni na sufuria zitakusubiri bila kukudhuru.

Mama mkwe atakuja kulala Agosti. Ameomba apewe kitanda cha karibu na hita.

Hadi wakati mwingine, mlale salama.